Milimita Moja Kabla Risasi Haijatoka

Matundu yakijipanga wima kwenye shabaha ya yadi 1,000, wengi wetu hukimbilia mizani ya baruti. Wana sababu. Risasi ya gramu 11.7 inayotoka mtutuni kwa mwendo wa mita 870 kwa sekunde hupanda au kushuka sentimita 6 hivi ikifika huko, kwa tofauti ya mita 3 tu katika mwendo huo. Lakini yapo makundi ya matundu yanayosimama wima hata pale kipima mwendo kinapoonyesha risasi zote zimetoka sawa. Upepo wenyewe husukuma zaidi pembeni. Hapo ndipo mimi huiacha baruti, nikaenda kuangalia bunduki imelalia nini.

Nazungumzia bunduki nzito za shabaha ambazo mbele hulala juu ya egemeo lenye mfuko, na nyuma, kwenye tako linalokaa begani, juu ya mfuko wa mchanga wenye masikio mawili yanayolikumbatia tako hilo. Wanaopiga F-Class, mchezo wa kulenga shabaha za mbali bunduki ikiwa imeegemezwa, wanazijua vizuri. Mchezo huo ulianzishwa na Mkanada George Farquharson, na herufi F inatokana na jina lake. Ulikusudiwa walengaji ambao macho na viungo vimeanza kuchoka, waendelee kupiga badala ya kustaafu. Leo ni mchezo wa watu wa rika zote na una ushindani mkali kabisa. Katika daraja la wazi bunduki haitakiwi kuzidi kilo 10 pamoja na darubini yake, na sehemu ya mbele inayokaa kwenye egemeo haitakiwi kuzidi upana wa milimita 76. Duara la katikati kabisa lina upana wa nusu dakika ya pembe (dakika ni sehemu moja ya 60 ya nyuzi moja), yaani kama sentimita 13 kwa yadi 1,000. Kwa shabaha ya namna hiyo, kitu cha kukupeleka nje kwa sentimita 3 si kitu cha kupuuza.

Ushauri unaozunguka sana ni kwamba egemeo liteleze: paka poda, badilisha ngozi uweke nailoni, bandika utepe wa tefloni. Ushauri ni mzuri. Maelezo yanayoambatana nao ndiyo hayanitoshi. Husemwa kwamba msuguano "huikamata" bunduki inaporudi nyuma na kuipotosha risasi. Hebu tupige hesabu tuone.

Risasi hukaa mtutuni kwa muda wa milisekunde moja na nusu hivi. Katika muda huo inasukumwa mbele pamoja na gesi ya baruti, na bunduki inasukumwa nyuma kwa kiasi kile kile. Ukichukua risasi ya gramu 11.7, baruti ya gramu 3.6, mtutu ambao risasi inasafiri ndani yake sentimita 75, na bunduki ya kilo 10, utapata kwamba hadi risasi inaaga mdomo wa mtutu, bunduki imerudi nyuma milimita 1. Moja tu. Zile sentimita kadhaa unazoziona kwa macho, pamoja na teke unalolisikia begani, karibu zote hutokea risasi ikiwa tayari angani.

Sasa msuguano. Bunduki ya kilo 10 juu ya mifuko inayoteleza kwa wastani huhitaji nguvu kama ya kilo 3 ili ivutwe nyuma. Nguvu hiyo ikifanya kazi kwa milisekunde moja na nusu, inapunguza mwendo wa bunduki kurudi nyuma kwa chini ya nusu ya asilimia moja. Kama breki, msuguano ni dhaifu sana mbele ya nguvu za baruti. Mtu akikwambia kwamba poda imempunguzia kundi kwa sababu bunduki sasa "inarudi kwa uhuru zaidi", matokeo yake yaamini. Sababu yake itilie shaka.

Tatizo, kwa ninavyoliona mimi, linaanza kabla hujagusa triga.

Bunduki ikilala juu ya ngozi inayonata, halafu ukaisukuma mbele hadi kwenye kizuizi cha egemeo, ukaishusha kidogo kwa skrubu ya egemeo, ukaubana mfuko wa nyuma kupata kimo, ngozi haitelezi. Inanyooka. Inavutwa upande mmoja, inakunjika upande mwingine, na mchanga ulio ndani unajipanga kwa kulazimishwa. Ukiangalia kwenye darubini, msalaba wa kulengea umetulia katikati ya shabaha na kila kitu kinaonekana salama. Kumbe bunduki imeshikiliwa pale na mivutano miwili mitatu inayopingana, na msuguano ndio kufuli iliyoifunga isionekane. Risasi inapowashwa, kufuli inafunguka katika ile milimita ya kwanza, na kila mvutano unaachia kuelekea kwake. Kila unapolenga upya unafunga kufuli kwa namna tofauti kidogo. Ndiyo maana risasi moja inapanda, inayofuata inakaa, na ya tatu inashuka, na hakuna ulichobadilisha.

Ndiyo sababu nautafuta msuguano mdogo. Egemeo linaloteleza haliwezi kuficha mvutano mkubwa. Ukiweka mvutano, bunduki inasogea hapo hapo, msalaba unahama, nawe unaona.

Kuna jambo la pili, nalo ni la mzunguko. Mstari wa mtutu hupita juu ya kitovu cha uzito cha bunduki, kwa hiyo bunduki inaposukumwa nyuma inazunguka pia: mdomo unapanda, tako linashuka. Kwa bunduki ambayo mtutu uko sentimita 2 juu ya kitovu hicho, mzunguko huo kabla risasi haijatoka, kama hakuna cha kuuzuia, hufika kama robo tatu ya dakika ya pembe. Hiyo ni sentimita 20 kwa yadi 1,000! Ukiwa ule ule kila mara hauna shida, kwa kuwa darubini umeirekebisha ukiwa nao ndani. Ukibadilika kwa moja ya tano tu, umehamia sentimita 4 juu au chini. Kinachoupinga mzunguko huo ni mfuko wa nyuma, na unaupinga ndani ya chini ya moja ya kumi ya milimita ya kubonyea. Mjadala karibu wote unaishia kwenye egemeo la mbele, lile lenye vishikio na skrubu za kupendeza. Mfuko wa nyuma unaonekana kama mchanga tu ndani ya ngozi, lakini ndio unaobeba kazi ya wima.

Kwa hiyo nianze na huo.

Mfuko wa nyuma unatakiwa uwe mgumu, mgumu kuliko mkono wako unavyopenda. Mchanga wa kawaida usiojazwa vizuri hushuka polepole kila bunduki inapopiga, na katika mfululizo wa risasi 20 mfuko unaomalizia si ule ulioanzia. Mchanga mzito na laini, kama ule wa zirkoni, hujipanga kwa kubana na hausogei kirahisi, na uzito wake huufanya mfuko wote usifuate bunduki inaporudi. Ujaze kidogo kidogo huku ukiugonga chini ili mchanga ukae, kisha uongeze tena. Masikio nayo yajae. Sikio legevu hukunjika chini ya tako, na hapo ndipo ngozi inaponyookea na kuficha ule mvutano niliousema. Chini ya mfuko pasiwe na kitu laini. Ukiuweka mfuko mgumu juu ya zulia nene, ugumu wake wote umeupoteza.

Masikio yenyewe yagusane na tako pande zote mbili kwa urefu wake, si kwa ncha. Hili ukilitafuta utaliona bila shida. Paka chaki au poda kidogo kwenye masikio, weka tako, isukume bunduki nyuma na mbele kwa mkono, kisha inua uangalie. Poda iliyofutika kwenye mstari mwembamba upande mmoja peke yake inakwambia mfuko umekaa mshazari na tako linabebwa na sikio moja. Upande huo ndio utakaoitupa bunduki. Nimeona walengaji wakibadilisha risasi, baruti, hata mtutu, na jawabu lilikuwa mfuko uliogeuzwa nyuzi chache kulia.

Umbo la tako ni habari nyingine, na hapa sina huruma na bunduki za mtindo wa kuwindia. Mstari wa chini wa tako zao huteremka kuelekea begani. Bunduki inaporudi nyuma, sehemu nyembamba inaingia juu ya mfuko na tako linashuka. Mteremko wa nyuzi 4 hulishusha tako kama milimita 0.07 kwa kila milimita 1 ya kurudi, na kwa bunduki ambayo umbali kati ya mifuko yake ni sentimita 75, hiyo ni theluthi ya dakika ya pembe. Mstari wa chini ukiwa sambamba na mtutu, mteremko huo unatoweka, na bunduki ukiirudisha mbele msalaba unarudi karibu pale pale. Kama tako lako lina mteremko na huna nia ya kulibadilisha, kipande cha alumini au plastiki ngumu kinachofungwa chini yake hulinyoosha. Soma kwanza kanuni za mashindano yako, kwa sababu si kila daraja linakiruhusu.

Mbele sasa. Ukitaka kujua egemeo lako linateleza kiasi gani, usilikisie kwa kidole. Chukua mizani ya springi, ile ya ndoano, ifunge kwenye tako kwa kamba, bunduki ikiwa tupu na bolti (komeo linalofunga chemba ya risasi) imetolewa, kisha vuta nyuma polepole kwa mstari ulionyooka na mtutu. Soma mara mbili: pale bunduki inapoanza kung'oka, na pale inapokuwa tayari inatembea. Kiasi chenyewe kina maana, lakini mimi huangalia zaidi tofauti ya hizo mbili. Bunduki inayong'oka kwa kilo 5 kisha ikatembea kwa kilo 2.5 imekwama kabla ya kuteleza, na kukwama ndiko kunakoficha mivutano. Ile inayong'oka kwa kilo 2 na kutembea kwa kilo 1.8 imetulia. Rudia kipimo mara kadhaa. Kikirukaruka huku na huku, una jambo la kulitafuta kabla hujapoteza risasi hata moja.

Mara nyingi jambo hilo ni mbano wa pembeni. Egemeo nyingi zina pande mbili zinazokazwa kwa skrubu zikumbatie sehemu ya mbele ya bunduki. Mtu huzikaza kwa kuogopa bunduki isicheze, na bila kujua anaongeza msuguano kuliko uzito wa bunduki wenyewe unavyofanya. Zikaze hadi bunduki isiwe na nafasi ya kuyumba, halafu legeza kidogo tu, kiasi kwamba ikiinuliwa kwa vidole viwili inatoka bila kuubeba mfuko. Upana wa zile milimita 76 upo ili kuipinga bunduki isibingirike kwa mzunguko wa risasi ndani ya mifereji ya mtutu inayoizungusha. Kazi hiyo inafanywa na upana pamoja na uzito, si na mbano.

Kuhusu vitu vya kupaka na kubandika nitasema machache. Poda ya kawaida hufanya kazi vizuri kwenye ngozi kavu. Utepe wa tefloni au wa plastiki ngumu inayoteleza, ukibandikwa chini ya sehemu ya mbele na chini ya tako, hufanya kazi vizuri zaidi na kwa muda mrefu. Kitambaa cha nailoni kilichofumwa kwa kubana kinaishinda ngozi penye unyevu, maana ngozi hunywa maji, ikavimba na kunata, na poda juu yake ikawa tope. Silikoni ya kupuliza ni nzuri siku ya kwanza, kisha hukusanya vumbi na mchanga wenye ncha unaokwangua. Nta siipendi kabisa. Joto likipanda hulainika, likishuka hukauka, na unachokitaka ni kitu cha kubaki vile vile asubuhi na mchana.

Ukishamaliza hayo, kuna jaribio moja ninalolithamini kuliko mengine yote, na halili hata risasi moja. Weka bunduki tupu, lenga, kisha ukiwa unaangalia kwenye darubini irudishe nyuma polepole sentimita 3 au 4 kwa kuishika nyuma ya tako bila kuikamata. Tazama msalaba unavyosafiri. Ukikaa pale pale, egemeo, mfuko na mtutu viko kwenye mstari mmoja. Ukienda wima tu, tako lina mteremko au egemeo na mfuko havilingani kwa kimo. Ukienda mshazari, mfuko wa nyuma umegeuka au hauko nyuma kabisa ya egemeo. Ukienda kwa kurukaruka, kuna mahali panapokwama. Sasa isukume mbele hadi kwenye kizuizi, uone kama msalaba umerudi ulipoanzia. Halafu igonge bunduki kidogo kwa ncha ya kidole juu ya bolti. Bunduki iliyotulia kweli haihami. Ikihama, ulikuwa umefunga mvutano ndani yake, na umeuona kabla haujakugharimu.

Tabia hiyo ya kuirudisha na kuisogeza mbele kabla ya kila risasi ina faida ya ajabu hata kwa egemeo lisilo zuri, kwa sababu inaifungua kufuli na kuifunga tena kwa njia ile ile. Kizuizi cha mbele kiguswe kwa namna moja kila mara. Wengine huigusisha bunduki hasa, wengine huacha nafasi ya unene wa karatasi. Sijali ni ipi, mradi usichanganye. Hakikisha pia pete ya mkanda chini ya tako haigongani na mfuko ndani ya zile sentimita za kwanza.

Egemeo lenyewe nalo lina miguu, na miguu hiyo inakaa ardhini. Kwenye udongo laini, kila risasi huizamisha kidogo. Ikanyage kwa nguvu kabla ya kuanza, na uitazame tena katikati ya mfululizo.

Halafu bega. Wapo wanaoiacha bunduki irudi yenyewe bila kuguswa isipokuwa kidole kwenye triga, na triga nyepesi kama za benchrest (mchezo wa kupiga bunduki ikiwa imelazwa mezani), zinazofyatuka kwa gramu 57 au karibu na hapo, zimetengenezwa kwa ajili hiyo. Kwa risasi ndogo ni njia bora, sina ubishi. Kwa bunduki yenye teke kubwa mimi naegemea kuweka bega lisukume kidogo, kwa sababu bunduki isiyo na kitu nyuma yake hurudi mbali, hubingirika, na mlengaji huanza kuiogopa, na mwenye kuiogopa huanza kuikamata bila kujijua. Bega lina tatizo lake: linagusa chini ya mstari wa mtutu, kwa hiyo linachangia kwenye ule mzunguko. Likisukuma kwa nguvu moja leo na nyingine kesho, umerudi kule kule kwenye sentimita 4 za juu na chini. Wepesi unaoweza kuurudia ndio kipimo. Shavu nalo lisilale kwenye bunduki. Liguse, au lisiguse kabisa. Ukiona msalaba unadundadunda kwa mapigo ya moyo, umeegemea mno.

Nionye pia upande wa pili. Egemeo linaloteleza kupita kiasi lina hasara zake. Meza ikiwa na mteremko mdogo tu, bunduki inatembea yenyewe kati ya kulenga na kufyatua. Ukifunga bolti, inasogea. Weka pima maji mezani au kwenye egemeo, na kama bunduki bado haikai, mimi huacha mbele kuteleze na nyuma kushike kidogo zaidi, sifanyi kinyume chake, kwa kuwa nyuma ndiko mkono wangu uko karibu kurekebisha.

Kwa wanaopiga daraja jingine la F-Class, la F-T/R, lenye aina mbili tu za risasi, .223 Remington na .308 Winchester, na bunduki isiyozidi kilo 8.25 pamoja na baipodi, yaani egemeo la miguu miwili, hesabu inabadilika. Bunduki ni nyepesi zaidi, teke ni kubwa kwa uzito wake, na egemeo limefungwa kwenye bunduki lenyewe, kwa hiyo kinachoteleza ni miguu ya baipodi juu ya mkeka. Ndiyo maana miguu mingi siku hizi imeumbwa kama skii. Wapo wanaoisukuma bunduki mbele kwa bega hadi miguu ikaze, wakisema inatulia. Inatulia, lakini kwa ule ule mvutano uliofichwa, safari hii umefichwa ndani ya miguu iliyopinda. Mimi naona afadhali miguu iwe huru juu ya mkeka ulio laini juu na mzito chini. Cha kuangalia zaidi ni mwelekeo wake. Miguu ikielekea pande tofauti hata kidogo, mmoja utaulima mkeka na mwingine utateleza, na bunduki itageukia upande wa mguu uliokwama. Kaza skrubu zake bunduki ikiwa juu ya mkeka wenyewe, iburute nyuma kwa mkono mara kadhaa, kisha iinue uangalie alama zilizobaki: ziwe mistari miwili iliyonyooka, inayokwenda sambamba.